Choo cha maji si shimo

Ndugu wasomaji, mwezi huu tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tunataka kuzungumzia jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu, nalo ni choo kilichoziba. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi wauguzi tumezoea kusema mambo ya mwili waziwazi, na tunaamini kuwa familia isiyoweza kuongea juu ya choo chake haiwezi kukitunza.

Tuanze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja tuliyowahi kufanya kazi, choo cha wodi ya wazazi kiliziba mwezi Julai. Aliyewahi kuishi Iringa anaijua baridi ya Julai. Maji machafu yalifurika hadi mlangoni, tukalazimika kukifunga kwa kufuli. Kwa siku nne akina mama waliotoka kujifungua walijifunga blanketi juu ya kanga, wakatoka nje usiku na kuvuka uwanja kwenda kwenye choo cha shimo kilichokuwa nyuma ya jiko la ndugu wa wagonjwa. Usiku wa pili mama mmoja aliyejifungua mchana ule ule alizimia njiani. Mlinzi ndiye aliyemkuta. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona na kurudi kwake na mtoto wake, lakini tulijua kwamba angeweza asirudi.

Siku ya nne fundi alifungua chemba na kuanza kuvuta. Yalitoka magunzi ya mahindi, vipande vya gazeti, kipande cha kitenge na pedi kadhaa. Mmoja wetu akaanza kulalamika: "Ndiyo hawa watu wa vijijini, hawajui kutumia choo." Hajamaliza kusema, fundi akavuta tena. Safari hii ilitoka mipira ya mikono, pamba na bandeji. Ndugu wa wagonjwa hawavai mipira ya mikono. Tulinyamaza sote.

Kwa hiyo hatuandiki makala haya ili kumnyooshea mtu kidole. Tunaandika kama watu waliokosea wenyewe.

TULIFUNDISHWA KUCHIMBA, HATUKUFUNDISHWA KUTUMIA

Maoni yetu ni haya: vyoo vyetu vya maji haviharibiki kwa sababu watu ni wachafu. Vinaharibika kwa sababu tumebadili choo bila kubadili mazoea.

Wazazi wetu walisikiliza redioni kampeni ya "Mtu ni Afya" mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili nchini kote walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Kazi ile ilikuwa kubwa. Na mwaka 2017 Serikali ilianzisha kampeni nyingine, "Nyumba ni Choo", kuhimiza kila kaya iwe na choo bora. Nayo tunaipongeza.

Lakini choo cha shimo kina tabia yake. Kinapokea kila kitu. Ukitupa gunzi, kinapokea. Ukitupa jani, gazeti, jiwe, kitambaa, wembe au chupa, kinapokea na hakisemi neno. Kikijaa unachimba kingine. Ndivyo sisi wengi tulivyokua huko Kilolo, Mufindi, Ismani na kwingineko, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Baadaye tukahamia mjini, Kihesa, Mtwivila, Mwangata au Ipogolo. Tukajenga nyumba, tukaweka choo cha maji chenye vigae, tukakisifu. Ila hakuna aliyetukalisha chini na kutueleza kwamba choo hiki hakina shimo. Kina bomba. Na bomba ni kitu kingine kabisa.

JINSI CHOO CHA MAJI KINAVYOFANYA KAZI

Chini ya sinki la choo kuna sehemu iliyopinda kama shingo ya bata. Ndani yake hubaki maji wakati wote. Maji hayo ndiyo mlango: yanazuia harufu na wadudu wasipande kutoka kwenye bomba kuja ndani ya nyumba. Lakini pale penye kupinda ndipo pembamba, na ndipo kitu kigumu kinaponasa kwanza.

Kutoka hapo uchafu huingia katika bomba ambalo kwa kawaida lina upana wa inchi nne, yaani sentimita kumi hivi. Weka vidole vyako vinne pamoja uutazame upana wake; bomba hilo limezidi kidogo tu. Uchafu hausukumwi na mashine yoyote. Unasukumwa na maji na mteremko peke yake.

Bomba huishia mahali pawili. Nyumba chache za mjini zimeunganishwa na mtandao wa majitaka unaosimamiwa na mamlaka yetu ya maji, IRUWASA. Nyumba nyingi zina karo lake uani. Ndani ya karo uchafu mzito hutuama chini, mafuta na mapovu huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunywea, yakapotelea ardhini. Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho huula ule uchafu uliotuama na kuupunguza. Wadudu hao ni watumishi wetu. Lakini hawawezi kula plastiki, wala pedi, wala nguo. Ukiwapelekea vitu hivyo, karo linajaa kabla ya wakati wake.

VITU VINAVYOZIBA

Kanuni ni fupi, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuishika: chooni iingie haja ndogo, haja kubwa, maji, na karatasi laini ya chooni. Basi.

Tutaje vinavyoingia isivyostahili.

Kwanza, pedi na nepi za kutupa, zile ambazo wengi huziita pampasi. Vitu hivi vimetengenezwa kwa makusudi ya kunyonya maji na kuvimba. Nepi moja ndani ya bomba inafanya kile kile inachofanya kwa mtoto: inakunywa maji, inavimba, inakaa.

Pili, magazeti na karatasi za daftari. Karatasi laini ya chooni hulainika na kuvunjika ikilowa. Gazeti halivunjiki upesi. Hukunjamana na kuwa kama kizibo. Ukitaka kuhakikisha, chukua glasi mbili za maji, weka karatasi ya chooni katika moja na kipande cha gazeti katika nyingine, koroga, utazame mwenyewe. Wafundisheni watoto kwa njia hiyo. Hawatasahau.

Tatu, gunzi. Kwa nyumba yenye choo cha shimo, gunzi lina historia ndefu kwetu. Kwa choo cha maji, gunzi moja linatosha kukizuia.

Nne, mafuta na mabaki ya chakula. Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya baridi. Mafuta ya nguruwe au mchuzi wa nyama yakimwagwa yakiwa ya moto hupita kama maji. Yakifika kwenye bomba lenye baridi ya Juni au Julai, yanaganda na kushika ukutani. Kesho yanaongezeka mengine. Wala si sisi tu. Mwezi Septemba 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel huko London, mafundi walikuta donge la mafuta lililochanganyika na vitambaa na nepi, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Kama mji wenye mabomba makubwa kiasi kile unazibwa na mafuta ya jikoni, bomba letu la inchi nne lina nguvu gani?

Tano, mchanga na majivu. Wengi wetu husugua masufuria kwa mchanga na majivu, kisha maji yake tunayamwaga chooni. Mchanga hautembei, hutuama chini ya bomba na kulipunguza upana siku hadi siku.

Sita, maji kidogo. Maji yanapokuwa ya mgao, au yanapolipiwa kwa ndoo, mtu humwaga kopo moja na kuondoka. Kopo moja huusukuma uchafu usionekane machoni, halafu huuacha njiani. Ni afadhali kumwaga nusu ndoo kwa mara moja, kwa nguvu, kuliko kumwaga kopo tano mojamoja. Maji uliyofulia au kuoshea nguo yanafaa sana kwa kazi hiyo.

Viko na vitu vingine ambavyo vijana huvitupa chooni ili wazazi wasivione. Hatuna haja ya kuvitaja. Fundi huviona vyote.

CHOO KIKIZIBA, NANI ANAUMIA?

Wengine wataona kwamba haya ni mambo ya fundi bomba, si ya ukurasa wa afya. Sisi hatukubali.

Choo kikifurika, kinyesi kinarudi pale watoto wanapotambaa na kucheza. Homa ya matumbo, kuhara damu, kipindupindu na minyoo, yote husafiri kutoka kwenye kinyesi kwenda mdomoni, kwa njia ya mikono, maji, chakula na nzi. Mayai ya minyoo ya tumbo yanaweza kuishi udongoni kwa miaka, tena bila kuonekana. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi ya nchi yetu. Kipindupindu hakiulizi kama nyumba ina vigae.

Tena mji wetu umekaa mlimani. Kinachofurika kwa jirani wa juu kinateremka kwa jirani wa chini, na mvua zikija kinaendelea hadi Mto Ruaha Mdogo. Mto huo hauishii hapa. Unakwenda hadi Pawaga, ambako ndugu zetu huutumia kumwagilia mpunga. Kwa hiyo anayetupa nepi chooni Gangilonga asidhani kwamba jambo hilo ni la nyumbani kwake peke yake.

Na wanaoumia zaidi ni wale wale. Ni mama mzazi katika wodi, kama tulivyoeleza. Ni mgonjwa wa kisukari anayehitaji kwenda haja ndogo mara tano usiku. Ni bibi mwenye magoti mabovu. Ni msichana wa shule ya bweni: choo kimezibwa kwa pedi kwa sababu hakuna mahali pa kuzitupia, kisha mwalimu anakifunga, kisha wasichana wanakwenda vichakani, kisha wanaadhibiwa kwa kuonekana vichakani. Ndugu wasomaji, hapo mwenye kosa ni nani? Sisi tunasema mwenye kosa ni mtu mzima ambaye hakuweka ndoo.

Nyumbani nako, choo kikiziba analaumiwa dada wa kazi. Yeye ndiye aliyetoka kijijini juzi, na yeye ndiye anayetumwa kuzibua kwa mikono mitupu. Je, siku alipofika alionyeshwa choo kinavyotumika? Au alionyeshwa jiko tu?

TAHADHARI WAKATI WA KUZIBUA

Choo hakizibi bila kutoa taarifa. Maji yanashuka polepole. Bomba linatoa mlio wa kugugumia. Harufu inapanda. Ukimwaga maji chooni, yanatokea bafuni. Ikiwa ni sinki moja tu lenye shida, kizuizi kiko karibu na sinki hilo. Ikiwa choo, bafu na jiko vyote vinagoma pamoja, kizuizi kiko kwenye bomba kubwa au karo limejaa. Mwite fundi mapema. Karo la nyumba kwa kawaida huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Usingoje lifurike ndipo ulitafute gari.

Kizuizi kidogo unaweza kukisukuma mwenyewe kwa ule mpira wenye mpini wa mti. Vaa mipira ya mikono, usivae pete, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Lakini yako mambo matatu ambayo tumeyapokea hospitalini, na tungependa tusiyapokee tena.

1. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Watu huimimina chooni ili kuyeyusha uchafu. Ikigusana na maji huchemka na kuruka. Inaunguza ngozi na inapofusha macho. Ikikurukia, osha mahali hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, kisha njoo hospitali. Usipake mafuta, asali wala dawa ya meno. Na usiihifadhi kamwe katika chupa ya soda: mtoto ataikuta na kuinywa. Mtoto akiinywa, usimtapishe, kwa maana itamuunguza koo mara ya pili. Msukutue mdomo kwa maji na umwahishe hospitali.

2. Kuchanganya dawa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikichanganywa na dawa ya choo yenye tindikali hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu. Tumia moja tu, fungua dirisha, na usidhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Tena dawa kali nyingi huwaua wale wadudu wanaotufanyia kazi ndani ya karo.

3. Kuingia ndani ya karo. Hili ndilo linaloua. Ndani ya karo kuna hewa yenye sumu na isiyo na oksijeni ya kutosha. Mtu mwenye afya anaweza kuzimia kwa pumzi chache. Ndugu yake akiona ameanguka, huruka ndani kumwokoa, naye hubaki humo humo. Mtu yeyote asishuke ndani ya karo, hata kama halina kitu, hata kama mfuniko umekaa wazi tangu asubuhi. Mwenzako akianguka, usimfuate. Piga kelele, waite watu wa zimamoto. Na mfuniko wa chemba ukivunjika, uufunge siku hiyo hiyo, kwa sababu ya watoto.

RAI YETU

Tuna rai tatu, na ya kwanza ndiyo kubwa.

Weka ndoo yenye kifuniko katika kila choo. Bei yake ni ndogo kuliko malipo ya fundi kwa siku moja, na ni ndogo sana kuliko gari la kunyonya. Pedi, nepi, pamba, gazeti na nyembe ziende humo. Kinyesi kilichomo katika nepi kikung'utwe chooni kwanza, kisha nepi iingie katika ndoo. Ndoo imwagwe kila siku, uchafu uchomwe au ufukiwe kwenye shimo la takataka, au ufungwe vizuri na kupelekwa kwenye gari la taka. Tunawaomba wenye nyumba za kupanga, wakuu wa shule, wasimamizi wa kumbi na hospitali, pamoja na sisi wenyewe parokiani, tuanze mwezi huu. Palipo na ndoo, watu huitumia. Hilo tumeliona kwa macho yetu: tangu wodi ile iliponunuliwa ndoo zake, na kila mgeni akaonyeshwa choo siku ya kwanza, hatukuwahi kukifunga tena kwa kufuli wakati wote tuliokuwa pale.

Pili, tuonyeshane bila kudharauliana. Mgeni akifika, mwonyeshe choo kama unavyomwonyesha kitanda. Mwambie: hapa maji, hapa karatasi, hapa ndoo. Inachukua dakika moja. Baba naye asione kuwa kazi hii ni ya mama. Yeye ndiye atakayemlipa fundi.

Tatu, tusijenge choo kwa ajili ya sifa. Hapa tunajua wengine hawatapenda, lakini tutasema. Kama nyumba yako haina maji ya uhakika, choo cha shimo kilichojengwa vizuri, chenye sakafu inayosafishika, mfuniko, mlango na bomba la kutolea hewa, ni bora mara nyingi kuliko choo cha vigae kisicho na maji. Cha kwanza kinalinda afya. Cha pili kinapendeza siku ya kwanza, kisha kinageuka chanzo cha maradhi ndani ya nyumba. Choo cha maji bila maji ni shimo lisilo na kina.

Kila tarehe 19 Novemba ni Siku ya Choo Duniani, iliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013. Wengine hucheka wakisikia hivyo. Sisi tunapoisikia siku hiyo tunamkumbuka yule mama aliyelala kwenye nyasi zenye umande, mbele ya wodi iliyokuwa na choo kizuri kilichofungwa kwa kufuli, kwa sababu ya pamba tulizozitupa sisi.

Basi, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, nenda ukaangalie chooni kwako. Kama hakuna ndoo, unajua la kufanya. Nasi ukurasa huu, ukishausoma, usiutupe chooni. Mpe jirani.